Mjadala: Supasimetria haijaonekana. Tujenge handaki la kilomita 91 au fedha ziende kwenye neutrino?

Mleta mada
Wakuu, tujadili hili kwa hesabu. LHC, mashine ya kugonganisha protoni ya CERN (kituo cha Ulaya cha fizikia ya chembe), ilipoipata chembe ya Higgs mwaka 2012, wengi walitegemea chembe za supasimetria (nadharia kwamba kila chembe ina pacha ambaye bado hajaonekana) zifuate, maana ndizo zingeeleza kwa nini tungamo ya Higgs imetulia kwenye GeV 125 (GeV ni kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa tungamo; TeV 1 ni GeV 1000). Hazijaonekana. Katika modeli rahisi, gluino (pacha wa gluoni, chembe inayounganisha kwarki) ya chini ya takriban TeV 2 imeshaondolewa. Sasa CERN inapendekeza FCC, mashine mpya ya kugonganisha chembe kwenye handaki la kilomita 91, na hatua yake ya kwanza imekadiriwa kugharimu faranga za Uswisi bilioni 15 hivi. Neutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, kwa upande wao zimeshatoboa Modeli Sanifu (nadharia kuu ya chembe): mwaka 1998 kigunduzi cha Japani, Super-Kamiokande, kilionyesha kwamba hubadilika aina njiani, kwa hiyo zina tungamo. Msimamo wangu: fedha zifuate pengo lililokwisha kuonekana.

KipimaJoto
Naunga mkono, na kuna gharama ya baridi ambayo watu huisahau. Sumaku za LHC hufanya kazi kwenye kelvini 1.9. Hata mtambo usio na kasoro yoyote, ili utoe wati 1 ya joto pale na kuileta kwenye joto la chumba, unadai (300 − 1.9) ÷ 1.9, yaani wati 157. Mitambo halisi hula karibu wati 1000. Argoni kimiminika ya DUNE, jaribio la neutrino linalojengwa Marekani, inakaa kwenye kelvini 87. Hesabu hiyohiyo inatoa wati 2.4.

Na huko chini joto dogo huleta balaa. Septemba 19, 2008, kiungo kimoja kati ya sumaku za LHC kilikuwa na ukinzani wa takriban nanoohm 200, wakati kilitakiwa kuwa chini ya 1. Mkondo ulikuwa ampea 8,700. Zidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani: wati 15 tu. Heliamu ikashindwa kuliondoa joto hilo kwa kasi ya kutosha, kiungo kikayeyuka, cheche ikatoboa chombo cha heliamu, tani kadhaa zikafumuka. Sumaku 53 zilitolewa handakini, na mashine ikalala zaidi ya mwaka.

Mzingo
Mkuu KipimaJoto, hesabu zako ni sahihi ila umelinganisha vitu viwili tofauti. Hatua ya kwanza ya FCC ni ya elektroni na positroni. Sumaku zake za kupindisha miali ni za kawaida, hazipozwi kwa heliamu. Baridi kali inahitajika hasa kwenye vyumba vya mawimbi ya redio vinavyosukuma chembe. Mzigo mkubwa ni mnururisho wa elektroni zinapopinda: megawati 50 kwa kila mwali, na joto hilo huondolewa kwa maji. Halafu kazi yake ya kwanza si kuwinda supasimetria moja kwa moja. Itapima Higgs na chembe iitwayo Z kwa usahihi mkubwa, ili chembe nzito tusizoweza kuziunda zijulikane kwa athari zake.

Argoni nayo si rahisi hivyo. Chembe ikipita kwenye argoni hung'oa elektroni, nazo ndizo husomwa. Elektroni hizo zinasafiri hadi mita 3.5 kwa kasi ya milimita 1.6 kwa mikrosekunde, yaani milisekunde 2.2. Oksijeni ikifika sehemu 100 kwa trilioni, elektroni huishi wastani wa milisekunde 3, kwa hiyo karibu nusu hupotea kabla ya kusomwa. Ndiyo maana argoni huzungushwa muda wote kwenye vichujio: shaba inakamata oksijeni, na chujio la molekuli linakamata maji. Pampu ikisimama, uchafu unapanda. Joto linalopenya kuta huleta mikondo ndani ya tangi, na mikondo hiyo ndiyo huamua uchafu unasambaa wapi. Usipoipima, utasahihisha data vibaya.

Nyuroni
Mnabishania chuma, mimi nauliza kuhusu kichujio cha data. LHC ina migongano ya vifurushi vya protoni milioni 40 kwa sekunde, na hatua ya kwanza hubakiza 100,000 hivi. Katika kila 400, 399 hufutwa moja kwa moja ndani ya mikrosekunde chache. Supasimetria ikijificha kwenye matukio hafifu, tunaitupa sisi wenyewe. CMS, kimojawapo cha vigunduzi vya LHC, imeshaweka kwenye chipu za hatua hiyo mtandao wa neva (programu inayojifunza kutokana na mifano) unaojifunza kuyajenga upya matukio ya kawaida na kushika yale unayoshindwa kuyajenga.

KipimaJoto
Na mtandao ukijifunza kasoro za mwigo wa kompyuta badala ya fizikia?

Nyuroni
Hilo ndilo kosa la kawaida, na lina dawa. Jaribio la neutrino la NOvA walichukua matukio halisi ya neutrino, wakaondoa alama ya muoni (binamu mzito wa elektroni), wakapachika elektroni ya mwigo, kisha wakaona kama mtandao unatoa jibu lilelile unalotoa kwenye mwigo mtupu. IceCube, kigunduzi cha neutrino kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, walipotangaza mwaka 2023 neutrino za Njia ya Maziwa, walikadiria kelele kwa kuvuruga mielekeo ya data yao halisi. Kwa mtandao wa kutafuta vitu vigeni, hatari ni nyingine: tukio geni lakini sahili huweza kujengwa upya vizuri, likapita kama la kawaida. Kwa hiyo usiutumie peke yake, na hifadhi sampuli isiyochujwa ya kuukagua.

Mleta mada
Basi nabana hoja yangu. DUNE na Hyper-Kamiokande, mrithi mkubwa wa Super-Kamiokande, zimalizwe kwanza bila kukatwa fedha. FCC ya elektroni ijengwe kwa sababu ya vipimo vya Higgs, na ombi la fedha liseme hivyo waziwazi. Ile ya protoni, hatua ya pili ya FCC, isubiri sumaku za tesla 14 na kuendelea zitengenezwe kwa mamia bila kupoteza ubora. Mzingo, sharti hilo unalikubali?

Mzingo
La sumaku nalikubali. La kumaliza neutrino kwanza silikubali: kuchimba handaki huchukua miaka, na kazi hizo mbili zinaweza kwenda sambamba.