Naomba ushauri: skripti inahifadhi logi, lakini nafasi ya diski hairudi

Ndugu wataalamu, habari za kazi. Ninatunza seva ya Linux yenye diski ya GB 40, na nimeandika skripti ya Python ambayo cron (kiratibu cha kazi za kujirudia) huiendesha kila siku saa nane usiku ili ilibane faili la logi (kumbukumbu za programu) kwa gzip, yaani ipunguze ukubwa wake, ilihifadhi kwenye folda ya mwezi husika, kisha ilifute lile la awali.

Skripti haitoi kosa lolote, ila asubuhi ya leo amri ya du, inayojumlisha mafaili yanayoonekana, ilionyesha GB 9 tu zimetumika huku df, inayoonyesha nafasi iliyotumika kwenye diski nzima, ikionyesha GB 37. Nilipoendesha lsof +L1, inayoorodhesha mafaili yaliyofutwa lakini bado yamefunguliwa na programu, nikakuta faili la GB 28 lililokwisha kufutwa, ambalo programu yetu ya malipo bado inaliandikia. Nikiizima na kuiwasha upya nafasi hurudi papo hapo, lakini kumbukumbu zote za humo hupotea, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimejaribu kunakili faili kisha kufuta yaliyomo ndani yake badala ya kulifuta lenyewe. Nafasi ilirudi, lakini nilipolinganisha namba za miamala, mistari 3 iliyoandikwa katikati ya hatua hizo mbili haikuwepo.

Programu ya malipo nayo ni ya Python na inatumia FileHandler, sehemu ya Python inayoandika logi kwenye faili. Je, nikiweka WatchedFileHandler, ambayo hufungua faili upya ikigundua limebadilishwa, na skripti ikabadili jina la faili kwanza, ni salama ikiwa michakato 4 ya programu hiyo inaandika humo kwa pamoja? Na nisubiri muda gani kabla ya kulibana lile la zamani?

Natanguliza shukrani.