Tupeane uzoefu: lecha wako alikuwa anawasoma kweli wachumi anaowaponda?

Wadau salama? Kwa waliopita chuo, hasa uchumi, DS (masomo ya maendeleo) na siasa, hivi wasomi wetu wanawasoma wale wasiokubaliana nao au wanaponda kwa kusikia tu? Naanza mimi. Mwaka wa kwanza lecha wetu alikuwa akimtaja Adam Smith basi ni baba wa mabepari, hana huruma na maskini. Tukadesa hivyo hivyo, mtihani ukapita. Baadae niko kitaa sina ishu nikapakua kile kitabu chake cha 1776, The Wealth of Nations, jamani yule mzee anawachana wafanyabiashara kuliko hata lecha! Anasema watu wa biashara moja ni nadra kukutana, hata iwe kwa starehe tu, bila maongezi kuishia kwenye njama ya kupandisha bei. Na ule mkono usioonekana tuliokaririshwa, yaani kila mtu akifuata faida yake jamii inanufaika bila yeye kukusudia, kitabu kizima kautaja mara moja.

---

Mkuu mimi kwangu kinyume. Nilisomea Ulaya, Karl Marx, yule mpinzani wa ubepari, alipewa slaidi moja: alikosea, tusonge mbele. Nikamuuliza prof kama amesoma Das Kapital ya Marx akacheka, eti nani ana muda na kitabu cha 1867. Wakati Marx mwenyewe alikuwa anashinda British Museum pale London anamchambua Smith na mchumi mwingine, Ricardo, ananukuu weee ndo anaanza kupinga.

---

Msiwaonee bure. Nafundisha, na ukweli ni kwamba uchumi wa siku hizi ni hesabu na makala, hata wa upande wetu hatuwasomi wenyewe, tunasoma walioandika kuhusu wao. Rundo la skripti linakusubiri, utamsoma Hayek, yule mtetezi wa soko huria, saa ngapi? Mimi nilimsoma sababu kuna dogo alinikomalia darasani. Kwenye kile kitabu chake cha 1944, The Road to Serfdom, anakubali kabisa serikali imhakikishie kila mtu chakula, malazi na nguo za kumtosha kuishi. Hiyo sijawahi kuiona kwenye slaidi ya mtu, awe anampenda au anamchukia.

---

Prof umenikumbusha Keynes, yule mchumi aliyetaka serikali iingilie uchumi. Huyo alikisoma hicho hicho safarini akielekea mkutano wa fedha wa Bretton Woods kule Marekani, akamuandikia Hayek barua ya kukisifu, kimaadili wako pamoja, halafu akambana: umekubali kuna mstari wa kuchora kati ya soko na serikali, mbona husemi unachorwa wapi?

---

Mwenye pdf ya hiyo barua atupie basi, nina semina Jumatatu na lecha wangu ni wale wale.