MJADALA: Maji ya mimea ya kuzuia fangasi ukeni yapigwe marufuku masokoni Mtwara?

Kusini Kwetu (mleta mada):
Wadau, tulijadili hili bila kuoneana haya. Sokoni hapa Mtwara na kwenye magulio ya Masasi na Newala zinauzwa chupa za maji ya mwarobaini, karafuu na kitunguu saumu. Mwanamke anaambiwa ajioshee ndani kila wiki ili fangasi wasimpate. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, lakini chupa hizi hazina usajili, lebo wala tarehe. Nasema zipigwe marufuku. Na makungwi waache kuwaharibu mabinti kwa kuwafundisha mambo haya unyagoni.

Somo wa Newala:
Kwenye chupa tungeelewana, ila hiyo sentensi ya mwisho imechafua yote. Kungwi gani umemkuta na chupa? Mwali anafundishwa kunawa kwa maji, kufua vitambaa vya hedhi na kuvianika juani vikauke kabisa, asivifiche chini ya godoro vikiwa na unyevu. Kanusha kwanza, ndipo tuendelee.

Karafuu Kavu:
Nami napinga marufuku. Mimea ina kemikali zinazoua kuvu, hilo halina ubishi. Karafuu ina eujenoli, mdalasini una sinamaldehaidi, kitunguu saumu kina alisini. Candida albicans, kuvu wa jamii ya hamira anayeleta fangasi wengi ukeni, ana utando wenye ergosteroli, mafuta yanayouimarisha. Flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, humzuia asiitengeneze. Eujenoli huushambulia utando wenyewe mpaka unavuja. Na kuvu sugu kwa flukonazoli wapo, ndiyo maana watafiti wanarudi kwenye mimea. Pale Muhimbili kuna taasisi nzima ya tiba asili. Wauzaji wafundishwe tu: kitunguu wanakichemsha kizima, moto unaua kimeng'enya (protini inayoiunda alisini) kabla alisini haijaundwa. Kipondwe kibichi, kiachwe dakika 10.

Mezani Maabara:
Kiachwe dakika 10 halafu kiwekwe wapi, kaka? Kitunguu saumu kibichi kikifungwa kwenye ngozi ya mguu usiku kucha hutoa malengelenge, na ukeni ni laini kuliko mguu. Mafuta ya karafuu nayo yanaunguza. Kwenye sahani ya maabara kuvu anakufa kwa sababu pale hakuna mwili wa kuumia. Ukisema basi ameze, mwaka 2014 lilichapishwa jaribio la Australia: wanawake 63 wenye candida wasio na dalili, wengine vidonge vya kitunguu saumu, wengine vidonge bandia, wiki mbili. Hakukuwa na tofauti ya maana.

Na hapa kila kinachowasha kinaitwa fangasi. Fangasi ni ute mzito mweupe kama maziwa mgando, unawasha, hauna harufu mbaya. Ukinuka kama samaki, hasa baada ya tendo, ni bakteria. Ukiwa wa kijani au njano wenye povu, fikiria trikomonasi, kimelea cha zinaa, ambayo mwenzi naye atibiwe. Kipimo cha fangasi ni rahisi: tone la ute kwenye kioo, tone la KOH (haidroksidi ya potasiamu) asilimia 10, unatazama kwenye hadubini vichipukizi na nyuzi za kuvu. pH (kipimo cha uasidi) ya kawaida ukeni ni 3.8 hadi 4.5, na fangasi hukaa humo humo; ikipanda juu ya 4.5, tafuta kingine.

Karafuu Kavu:
Sijasema awekwe mtu kitunguu ukeni! Soma kilichoandikwa. Nyie wa maabara mkishaona neno "mimea" mnamwona mtu mjinga. Clotrimazole, hiyo dawa ya fangasi ya dukani, ingekuwa inatoka kwenye mkorosho mngeikataa pia.

Nanyamba Asilia:
Umeutaja mkorosho, sasa sikilizeni. Mafuta ya maganda ya korosho yana asidi ya anakadi, inaua bakteria na kuvu. Yanapakwa kwenye mbao zisiliwe na mchwa. Tuna maganda milima na milima huku kwetu. Tone moja kwenye ndoo ya maji ya kujisafishia litashindwaje?

Mbanguaji:
NDUGU YANGU ACHA KABISA. Hayo mafuta yanababua mikono ya akina mama wanaobangua, na wao wanajipaka mafuta ya kula au majivu kabla ya kushika. Mafuta ghafi kwa sehemu kubwa ni asidi hiyo ya anakadi, kuna na kadoli, ambayo ndiyo kali kupita zote kwa ngozi. Ukikaanga, asidi inapoteza hewa ya ukaa na kugeuka kadanoli, bado inaunguza. Halafu mafuta hayachanganyiki na maji: hilo tone litaelea juu ya ndoo, na atakayechota kwanza analipata lote kwenye kikombe kimoja. Nani atabeba dhamana?

Nanyamba Asilia:
Majivu yanasaidia nini? Glavu ndiyo kinga.

Mbanguaji:
Glavu za mpira mwembamba zinatoboka kwenye ncha za ganda kabla debe halijaisha, na mafuta yakiingia ndani ya glavu yanakaa na ngozi kutwa nzima. Ndiyo maana wengi wanarudi kwenye mafuta ya kula, wanapaka upya kila mara. Ganda likipasuka, mafuta yanaruka hadi usoni. Na kwenda haja bila kunawa mikono kwa sabuni, huko huko tunakozungumzia ndiko wanakoungua.

Kusini Kwetu:
Jamani, mada ni marufuku, siyo ubanguaji.

Somo wa Newala:
Mada ni kauli yako pia. Bado sijaiona ikikanushwa.

Kusini Kwetu:
Nimesema baadhi.

Somo wa Newala:
Hukusema baadhi. Limeandikwa hapo juu, kila mtu anasoma.

DLDM Masasi (duka la dawa muhimu):
Niingie kidogo, maana watu wanasoma hapa wakiwa na muwasho. Uke una bakteria wake, laktobasila, wanaotengeneza asidi ya laktiki. Ukiosha ndani, iwe kwa mwarobaini, sabuni au ndimu, unawaondoa hao walinzi. Maji ya mwarobaini nayo hayana kipimo: konzi ya majani machanga na konzi ya makavu ni nguvu tofauti, na chupa ikilala siku mbili kwenye joto la Mtwara imeshaota vijidudu. Nje nawa kwa maji matupu, basi. Mama wa mwani na wa kuokota chaza, maji yakijaa badilisha kanga iliyolowa, usiende nayo mpaka jioni.

Ukishathibitika kuwa na fangasi: clotrimazole ya kuweka ukeni, 100 mg kila usiku kwa usiku 6, au 500 mg mara moja, wakati wa kulala ili isitoke. Kosa kubwa ni kuacha usiku wa pili kwa sababu muwasho umepungua.

Karafuu Kavu:
Na mafuta ya nazi je? Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na kuvu hawaipendi. Hayaunguzi.

DLDM Masasi:
Nje, kwa ngozi inayosuguana mapajani, sina ugomvi nayo. Kama kinga ya ndani hakuna jaribio la kutosha kumwambia mtu alipe hela. Na mafuta hudhoofisha kondomu za mpira. Krimu ya clotrimazole vilevile. Hilo hakuna muuzaji anayelisema, wala wa sokoni wala wa dukani.

Somo wa Newala:
Hilo la kondomu nitalipeleka kwa wenzangu, na la kutoosha ndani. Mjamzito je? Wao ndio wanaopata sana.

DLDM Masasi:
Mjamzito asimeze flukonazoli, mama. Atumie clotrimazole 100 mg ukeni, usiku 7, kwa hiyo pakiti ya vidonge 6 haimtoshi. Achukue na cha ziada. Asitumie kitu chochote cha mimea ndani. Na mwanamke yeyote fangasi wakimrudia mara tatu au zaidi ndani ya mwaka, apimwe sukari na VVU, na aseme kama ametumia antibiotiki hivi karibuni.