Wajukuu wa Dani: Negroni yenye tikiti maji

*Ijumaa*

Akinyi: Oyawore wote. Swali la haraka kabla Anti Rose hajaamka. Kisumu hii, ni baa gani inajua kutengeneza kokteli za zamani, zile zenyewe? Jana nimeagiza Negroni nikaletewa maji mekundu kwa gilasi ndefu, soda mpaka juu, mrija, na kipande cha tikiti maji kimesimama ukingoni kama bendera. Shilingi 900.

Anti Rose: Nimeamka.

Ochi: 😂😂😂

Ochi: Umekunywa, umekula tunda. Unalalamika nini?

Akinyi: Ochi nyamaza. Tonny uko wapi? Si wewe ulisimama nyuma ya kaunta Nairobi miaka sita? Rafiki yangu wa Mombasa anafika kesho, sitaki kuaibika.

Tonny: Niko. Yawa, pole dada. Hiyo haikuwa Negroni hata kwa mbali. Negroni ni vitu vitatu, kiasi sawa: jini, Campari, ile pombe nyekundu chungu ya Italia, na vermuti nyekundu. Mililita 30 kila kimoja. Inakorogwa na barafu, inawekewa ganda la chungwa, imeisha. Gilasi fupi.

Tonny: Ile ya soda ina jina lake, Americano. Campari, vermuti, soda. Masimulizi ya Waitaliano ni kwamba mwaka 1919 huko Florence Count Camillo Negroni aliomba soda itolewe, awekewe jini. Sasa huyo wako wa jana amekurudisha nyuma ya 1919, na tikiti juu.

Baba Vale: Tonny, kijana ameulizwa baa wewe unafundisha historia.

Tonny: Nakuja huko, Anko. Shida ni kwamba nikimpa jina la baa leo, mwezi ujao halina maana. Sisi watu wa kaunta tunahama kama wachezaji wa mpira. Ukiongezewa elfu tatu mahali, unachukua kopo lako la kutikisia unaenda. Baa inabaki na taa zake na menyu yake, mkono umeondoka. Afadhali ujue kuangalia.

Akinyi: Haya nifundishe kuangalia.

Tonny: Kwanza usianze na Negroni. Anza na Daiquiri.

Ochi: Ile ya stroberi, ya kusagwa na barafu?

Tonny: 🤦🏾 Hapana. Ramu nyeupe, maji ya ndimu, sukari. Imetoka Cuba, jina ni la sehemu ya machimbo karibu na Santiago. Inatikiswa na barafu, inachujwa, inaletwa kwa gilasi ya mguu bila barafu ndani. Haina mahali pa kujificha. Ndimu ikiwa ya chupa utajua kwa tone la kwanza, inakwaruza koo. Sukari ikizidi utajua. Asipotikisa vya kutosha inakuja vuguvugu, imelegea. Ramu mililita 60, ndimu kama 25, sharubati ya sukari 20, hapo anarekebisha kulingana na ndimu yenyewe, maana ndimu za sokoni hazifanani.

Tonny: Na kwa Kisumu mtu akikosea Daiquiri mimi huwa nakasirika kabisa. Ndimu zimejaa soko la Kibuye. Sukari, tumezungukwa na miwa, Miwani, Chemelil, Muhoroni. Unachemsha sukari na maji kiasi sawa dakika tano, sharubati iko tayari. Ni uvivu tu.

Baba Vale: Hapo umesema.

Akinyi: Sawa, Daiquiri ikipita?

Tonny: Ikipita, sasa angalia chupa ya vermuti iko wapi. Vermuti ni divai iliyoongezewa pombe na majani ya dawa. Ikifunguliwa inaanza kuharibika kama divai nyingine, polepole tu. Inatakiwa friji, na imalizwe kwa mwezi mmoja au miwili. Ukiiona imesimama kwa rafu chini ya taa, imefunguliwa, ina vumbi shingoni, agiza Tusker uende nyumbani.

Tonny: Halafu tafuta chupa ndogo ya Angostura, matone machungu ya kuungia kokteli, ile ya Trinidad, ina karatasi kubwa kuliko chupa yenyewe. Hiyo haiozi haraka, hata ikikaa rafuni ni sawa. Isipokuwepo, Old Fashioned usiagize, maana watakupa wiski na sukari.

Anti Rose: Mimi nikienda mjini nakunywa dawa tu. Haina pombe. Na nyinyi mngejifunza.

Ochi: Anti… wapi hiyo?

Anti Rose: Mkahawa. Tangawizi, asali, limau, moto.

Tonny: Hiyo ni sawa Anti. Lakini uliza kwanza, dawa ni mbili. Ile nyingine ni vodka, ndimu, asali na barafu, na kijiti cha kupondea. Ilianzia Carnivore, Nairobi, waliigiza caipirinha ya Brazil. Ukiagiza dawa kwa baa utaletewa hiyo.

Anti Rose: 😳

Anti Rose: Ndiyo maana siku ya harusi ya Vale nililala kwa gari.

Baba Vale: 😂😂😂 Rose!!! Na tulisema ni jua!

Ochi: Nimekufa

Akinyi: Anti ndiye mtaalamu kumbe. Tonny la mwisho, nitajuaje kama anajua?

Tonny: Muulize Martini, ile ya jini na vermuti, anatikisa au anakoroga. Kinywaji chenye maji ya matunda kinatikiswa. Kikiwa pombe tupu kinakorogwa taratibu, kinapoa bila kuchafuka. Akijibu bila kufikiri, kaa. Na enda mapema, Jumamosi baa zinafunguliwa saa nane mchana, siku za kazi saa kumi na moja jioni. Saa nne usiku hata mimi nilikuwa nachanganya ovyo, watu arobaini wanakupigia kelele.

*Jumamosi*

Akinyi: Tumefika. Milimani. Kaunta ina mtu mmoja, msichana, anakamua ndimu kwa mkono.

Tonny: Dalili nzuri. Friji?

Akinyi: Nimemuuliza vermuti iko wapi. Ameniangalia kama nimeuliza umri wa mama yake. Akafungua friji, akanionyesha. Ameandika tarehe kwa kalamu shingoni mwa chupa.

Tonny: 👏🏾👏🏾 Huyo usimwache.

Akinyi: Daiquiri imekuja. Tonny. Kali, baridi, tamu kidogo mwishoni. Rafiki yangu hazungumzi.

Akinyi: Negroni sasa. Amekata ganda la chungwa, la kijani! Nikadhani amekosea.

Tonny: Machungwa yetu mengi ni ya kijani hata yakiiva. Mafuta yako ndani ya ganda. Nusa.

Akinyi: Ooooh.

Ochi: Bei?

Akinyi: 850. Bila tikiti.

Ochi: Nakuja. Niko Kondele, boda dakika kumi.

Anti Rose: Wakati mko na pesa ya kunywa, tangi la maji la Dani bado halijalipwa. Akinyi 2,000, Ochi 2,000. Tonny wewe ulilipa, asante mwanangu.

Ochi: Boda imepata pancha.

Anti Rose: Na huyo msichana, muulize kama anajua ile ya moto.