Mjadala: Samaki wa ziwani ndani ya kioo, je, mzunguko wa maji uwe sharti?

Mwanzisha mada, Mwanga

Mwakeye wadau. Matangi ya samaki yanazidi kuonekana mjini kwetu Kigoma, kwenye mapokezi ya hoteli, zahanati binafsi, madarasani na hata sebuleni. Ndani yake mara nyingi wamo samaki wetu wa mawe, wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, walewale wanaosafirishwa kwenda kufugwa Ulaya na Marekani. Hoja yangu ni kwamba anayeweka samaki wa Ziwa Tanganyika mahali pa umma alazimike kuwa na mzunguko wa maji usiosimama, hata umeme ukikatika. Liingie kwenye masharti ya uvuvi kama yalivyo masharti ya matundu ya nyavu. Najua wapo wanaoona huku ni kuwasumbua watu kwa jambo la anasa. Waje tuzungumze.

Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, lakini oksijeni iko tabaka la juu tu. Ukishapita mita 100 na ushee, au 200 kutegemea sehemu, hakuna samaki anayeishi. Uhai wote unategemea maji yale yanayotikiswa na upepo. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini yenye rutuba yakapanda. Sasa mtoe samaki aliyezaliwa pale wimbi linapopasukia mwambani, umtie kwenye lita 200 zilizotulia tuli.

Oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji. Kwa joto la nyuzi 25, usawa wa bahari, lita moja ya maji hubeba kama miligramu 8. Kigoma tuko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, kwa hiyo tunabaki na kama 7.5. Chumba kikipata joto, maji yakafika nyuzi 30, tunashuka chini kidogo ya 7. Hapo samaki wanapumua, uchafu unaooza unakula oksijeni hiyohiyo, na usiku mwani nao unaidai. Uso usipotikisika, kinachotumika hakirudishwi kwa kasi inayotosha.

La pili ni amonia, sumu inayotolewa na samaki hasa kupitia matamvua, na nyingine kutoka kwenye kinyesi na mabaki yanayooza. Katika maji yenye pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi na ualkali, 7 ikiwa katikati), sehemu yake iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Maji ya ziwa letu yana pH ya karibu 9, na hapo sehemu hiyo inapita asilimia 30. Kinachotuokoa ni bakteria wa kwenye chujio wanaoibadilisha amonia hiyo, na hao nao wanahitaji oksijeni. Chujio la kopo lililofungwa likisimama saa kadhaa, bakteria wanaanza kufa ndani yake. Umeme ukirudi, maji yale yaliyovunda yanasukumwa moja kwa moja kwa samaki.

Fundi umeme, Gungu

Ndugu, sayansi yako sina ugomvi nayo. Nagombana na neno sharti. Mji huu uliishi kwa jenereta za dizeli miaka na miaka kabla ya gridi ya taifa, na mpaka leo umeme una siku zake. Ukimwambia mwenye gesti ya vyumba vinane kwamba lazima awe na inveta, yaani mtambo wa kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kwa ajili ya samaki, atafanya mawili: atafunga tangi, au atamtafuta afisa waelewane. Sheria isiyofuatika inaishia kuwa mlango wa kuombea soda. Na nimeona watu wanauziwa pampu ya lita 2,000 kwa saa kwa tangi la lita 100, wanaambiwa ndiyo inayotakiwa. Samaki wanabandikwa kwenye kioo na maji!

Mvuvi mstaafu, Kibirizi

Wajukuu zangu, mimi nasema waacheni ziwani. Lakini kwa kuwa mmeshawatoa, basi msiwaweke wote kapu moja. Wapo wanaoshinda kwenye mawe ya pwani, wimbi likija wamo, likirudi wamo. Hao maji yakilala wanahangaika. Wapo wadogo wa mchangani, nyumba zao ni makombe ya konokono waliokufa. Ukiwapulizia maji kwa nguvu, mchanga unafunika makombe na wao wanakosa pa kulala. Na wale wakubwa wenye kinundu kichwani na mistari mwilini wanakaa chini sana, kwenye utulivu. Anayetaka sheria moja kwa wote hajapiga mbizi.

Mwalimu wa baiolojia, Ujiji

Shikamoo Mzee. Sikubaliani na kuwaacha wote ziwani. Watoto wengi wa Kigoma hawajawahi kumwona samaki wa mawe akiwa hai. Wanamjua dagaa na mgebuka wa sokoni, basi. Siku tulipojaza tangi darasani ndiyo siku niliyopata maswali ambayo kitabu hakijawahi kuyaleta. Shida yangu ni hii: pampu ipo na inavuma, lakini nyuma ya mawe kinyesi kinarundikana, na sehemu hiyo ukiitibua inanuka. Nani anasema pampu ikiwepo basi maji yanazunguka?

Mwanzisha mada, Mwanga

Shikamoo Mzee, umenisahihisha pazuri, na Mwalimu ameligusa lile ambalo wengi hatulioni.

Nianze na Mwalimu. Pampu kuvuma na maji kuzunguka ni mambo mawili. Kwanza ile namba ya boksini, tuseme lita 1,000 kwa saa, hupimwa bila kupandisha maji na bila sponji chafu. Ukiipandisha hadi juu ya kioo, sponji ikaziba, unapata pungufu kabisa. Pili, mara nyingi mdomo wa kunyonya na wa kutoa vimewekwa upande mmoja. Maji yanatoka hapa yanaingia hapa, na robo tatu ya tangi hayaguswi. Peleka mdomo wa kutoa kwenye ncha moja, uelekeze kwa urefu wa tangi, juu karibu na uso ili maji yafanye mawimbi madogo. Mdomo wa kunyonya uwe ncha ya pili, chini. Mkondo utapita juu, ugonge kioo cha mbali, urudi chini ukiburuza uchafu.

Mawe yasiegemezwe kwenye kioo cha nyuma. Acha nafasi ya mkono kupita, na yale makubwa yasimamishe juu ya mawe madogo ili maji yapenye chini yake. Kisha jaribu kwa macho: dondosha punje chache za chakula kinachozama polepole, ufuatilie kila moja inakokwenda. Zinapokusanyika na kutulia ndipo maji yamekufa, na hapo ndipo pa kuelekeza mkondo, au pa kuondoa jiwe.

Mzee, kwa samaki wa wimbi, yaani wale wa jamii ya Tropheus wanaokula mwani wa mwambani, na wale wafupi wanaotambaa mwambani kwa sababu kibofu chao cha hewa kimepungua, wafugaji wengi wanataka maji yote yapite kwenye pampu mara 8 hadi 10 kwa saa. Kwa wa makombe mara 4 au 5 zinatosha, mkondo ukipita juu bila kugusa mchanga. Kwa hiyo sidai kipimo kimoja kwa wote. Sharti nililotaka nalipunguza liwe hivi: uso wa maji utikisike usiku na mchana, mahali pa umma tu. Sebule ya mtu ni yake, huko elimu inatosha.

Ila ndugu yangu Fundi, hapo kwenye umeme sirudi nyuma. Nani kataja inveta?

Fundi umeme, Gungu

Haya, tupige hesabu basi. Pampu kubwa ya maji hula wati 20 hadi 40. Pampu ndogo ya hewa inakula 3 au 4. Betri ya volti 12 ya saa-ampea 7, saizi ya kwenye bodaboda, ina kama wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, inabeba pampu ya wati 4 kwa saa kumi hivi. Paneli ndogo ya sola inairudisha mchana. Hiyo gesti inaiweza, nakubali. Lakini bado nasema iwe ni mwongozo kwanza, watu wafundishwe kabla hajaja mtu na kitabu cha faini.

Mwanzisha mada, Mwanga

Ndiyo hasa. Na hiyo pampu ya hewa iungwe kwenye chujio la sponji, isitoe mapovu peke yake. Watu hudhani mapovu ndiyo yanayotia oksijeni. Kazi yake kubwa ni kunyanyua maji ya chini kuyaleta juu, yakutane na hewa, na hapohapo yanavuta maji kupita kwenye sponji, bakteria wanabaki hai hata pampu kubwa ikiwa imelala. Kuhusu mwongozo kwanza, sawa, ila uwe na mwisho wake. Hoteli inayomlipisha mgeni chumba chenye mandhari ya ziwa isishindwe betri ya bodaboda.

Mvuvi mstaafu, Kibirizi

Na anayewatoa ziwani aulizwe kibali. Hilo mmelisahau.

Mwanzisha mada, Mwanga

Kweli Mzee. Kibali kije mbele ya tangi, naliongeza kwenye hoja.

Mwalimu wa baiolojia, Ujiji

Jumatatu nahamisha mawe na wanafunzi. Swali la mwisho: hiyo sponji nikiiosha kwa maji ya bomba, si nawaua hao bakteria?

Mwanzisha mada, Mwanga

Maji ya bomba yenye klorini yanawaua, ndiyo. Chota maji ya tangi lenyewe kwenye ndoo, ikamue humo mpaka ipitishe maji vizuri, usiisugue mpaka ing'ae. Ukiwa na sponji mbili, osha moja, nyingine iache mpaka wiki inayofuata.