Printa ya riboni: kwa nini karatasi inaingia na kutoka mara nne?

StudioMbagala: Wakuu, habari za leo. Nina printa ndogo ya picha za sentimita 10 kwa 15, ile ya riboni, siyo ya wino wa maji. Nikibonyeza, karatasi inatoka ya njano tupu, inarudi ndani, inatoka imeshika wekundu, inarudi tena. Mara ya nne ndiyo picha kamili. Inafanyaje kazi hasa? Halafu picha zangu nyingi ni za pasipoti, karibu zote nyeupe, lakini riboni inaisha vilevile. Naibiwa?

FundiJoto: Huibiwi, mkuu. Chukua kaseti iliyokwisha, vuta riboni uitazame. Vipande vimefuatana: njano, majenta, samawati, na kimoja kisicho na rangi, kisha vinaanza upya. Kila kipande kinatosha picha moja. Chapa uso, chapa nukta, vinne vimekwenda. Ndiyo maana riboni na karatasi huuzwa pamoja kwa idadi sawa.

Sasa ndani. Kichwa kina mstari wa vinukta vya moto, kwa kawaida 300 kila inchi, na riboni inabanwa kati yake na karatasi. Kinukta kikipata moto, rangi kavu ya hapo inahama kutoka kwenye riboni na kuzama kwenye utando wa plastiki ulio juu ya karatasi. Moto kidogo, rangi hafifu. Moto mwingi, rangi nzito. Viwango vinafika 256 kwa kila rangi, kwa hiyo hata ukitazama shavu kwa lenzi huoni vidoti vya wino. Nyeusi haipo, inapatikana zote tatu zikikutana mahali pamoja. Kichwa ni kimoja, basi karatasi lazima irudi kufuata kila rangi. Safari ya mwisho ni ya kile kipande kisicho na rangi, kinachofunika picha ili kuzuia maji na alama za vidole.

Karatasi ya kawaida usijaribu, rangi haina pa kuzama.

StudioMbagala: Shukrani fundi. Na huu mstari mwembamba mweupe, picha nzima, kila picha, palepale?

MamaPicha: Vumbi kwenye kichwa hilo. Zima, ngoja ipoe, futa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kidoti kimoja kimoja ni vumbi la karatasi, huo mstari sio.

FundiJoto: Ukisafisha na mstari bado upo, kinukta kimekufa, badilisha kichwa. Bei yake iulize kwanza, kwenye hizi ndogo mara nyingi afadhali printa mpya.

Na riboni zilizokwisha msitupe nyuma ya kibanda! Rangi iliyoondoka imeacha sura ya mteja kinyume, nywele zinang'aa na ukuta mweupe umejaa rangi, lakini mtu anatambulika kabisa. Kama mnachapa vitambulisho, hata namba zinasomeka. Mimi hukata kwa mkasi vipande vidogo kabla ya kutupa.