Raba ya mlango wa gari kwenye Abaqus: kani inatoka kubwa kuliko kipimo, na hesabu inagoma kwenye mm 6.4

mchora_bodi:

Wakuu, salaam. Nina raba kuu ya mlango wa mbele, ile inayovaa ukingo wa bodi: guu la umbo la U la raba ngumu lenye utepe wa chuma ndani, na juu yake bomba la raba sponji. Zote mbili ni EPDM (aina ya raba ya kutengenezwa kiwandani). Nahitaji grafu ya kani na mbonyeo kabla sijaingiza raba kwenye modeli ya mlango mzima.

Nilichofanya kwenye Abaqus (programu ya kukokotoa vitu vinavyopinda na kubonyea) ni hiki. Mkato wa 2D nimeutoa kwenye mchoro, ukuta wa bomba mm 2.0, elementi (vipande vidogo vya kukokotolea) CPE4H, zile za 2D za raba isiyopungua ujazo, kila mahali, ukubwa mm 0.5. Unene wa sekisheni nimeweka 100 ili kani isomeke moja kwa moja kwa mm 100 za raba. Sponji nimeipa Mooney-Rivlin (kanuni ya tabia ya raba: C10 na C01 ni vigezo vya ugumu, D1 cha kupungua ujazo) yenye D1 = 0, vigezo vimetoka kwenye kipimo cha kuvuta. Bamba gumu linashuka mm 8, msuguano 0.3.

Maabara wanasema 4.9 N kwa mm 100 kwenye mbonyeo wa mm 6. Modeli inasema 8.1. Halafu ikifika mm 6.4, kuta za ndani zinapokaribia kugusana, hatua zinazidi kuwa ndogo mpaka kazi inakufa.

Nilishusha C10 na C01 mpaka 4.9 ikapatikana. Lakini vigezo hivyohivyo nikivipeleka kwenye raba ya mlango wa nyuma, mchanganyiko uleule ila mkato tofauti, kani inatoka chini ya kipimo kwa karibu theluthi. Nakosea wapi?

raba_na_chuma:

Mkuu, mlango wa nyuma umeshakupa jibu. Raba ni moja, kigezo kinakubali huku na kukataa kule. Basi kosa haliko kwenye C10. Irudishe ilivyokuwa na usiiguse tena.

Pima ukuta. Bomba likibonyezwa, sponji yenyewe haibanwi sana. Ukuta ndio unaopinda, na ugumu wa ukuta kupinda unafuata unene wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Sponji huvimba inapoiva baada ya kutoka kwenye dai (kinywa cha chuma kinachoipa umbo), kwa hiyo umbo unaloshika mkononi si lile la mchoro. Ukuta ukiwa 1.8 badala ya 2.0, gawanya 2.0 kwa 1.8, jibu lizidishe mara tatu kwa lenyewe: 1.37. Kwa hilo peke yake 8.1 yako inashuka hadi kama 5.9.

Usipime kwa kalipa. Midomo yake inaizamisha sponji na unasoma unene mdogo kuliko uliopo. Chukua wembe mpya, uloweshe kwa maji ya sabuni, kata kipande cha mm 2 au 3 kwa mkato mmoja bila kusugua huku na huku. Kilaze kwenye kioo cha skana pamoja na rula ya chuma, skani kwa dpi 1200. Hapo pikseli moja ni kama mm 0.02, yaani ukuta wa 1.8 unakupa pikseli 85 za kuhesabu. Mkato uwe mraba kabisa na urefu wa raba: ukienda mshazari kwa nyuzi 15, ukuta unaoelekea upande wa mshazari unaonekana mnene kwa 3.5%, na ukishauzidisha mara tatu kwa wenyewe kosa ni 11%. Kata vipande vitano sehemu tofauti za raba. Na angalia mabega, pale bomba linaposhikana na guu. Hapo ndipo linapojikunja kama bawaba, na hapo ndipo mchoro na raba halisi hutofautiana zaidi. Raba iliyokuwa imebanwa kwenye boksi iache ipumzike siku nzima kwanza, bomba likiwa limelala upande utaskani umbo la boksi.

La pili ni D1 = 0 kwenye sponji. Umeiambia programu kwamba sponji haipungui ujazo, wakati imejaa vipovu. Katika mkato wa 2D usioruhusu kunyooka kwa urefu, ukuta unapinda kama bamba na ugumu wake ni E (ugumu wa raba yenyewe) gawanya kwa (1 − ν²), ambapo ν ni uwiano wa kusinyaa kwa upana raba ikivutwa. Kwa ν ya 0.5 unapata 1.33E, kwa ν ya 0.3, 1.10E. Umejiongezea 21% bila kujua. Sponji ipe *HYPERFOAM (kanuni ya Abaqus ya raba yenye vipovu) na elementi za kawaida CPE4, herufi H haina faida hapo. CPE4H ibaki kwenye guu, raba ngumu ndiyo inayoihitaji. Na kipimo cha kuvuta peke yake hakitoshi, kwa sababu ukuta ukipinda upande mmoja unavutwa na wa pili unabanwa; pima vyote viwili, na upime pia upana wa kipande kinavyosinyaa kikivutwa ili uwe na ν ya kweli.

Kwa mkono: 8.1 gawanya 1.37 gawanya 1.21 ni 4.9. Usiiamini kupita kiasi, hesabu hiyo haioni mabega wala msuguano, na 1.8 nimeikisia tu mpaka uskani.

nodi_elfu:

Naongezea kuhusu kufa kwenye 6.4. Umeweka mgusano wa bamba na bomba, lakini uso wa ndani wa bomba umeuwekea mgusano wa wenyewe kwa wenyewe? Kama bado, kuta zinapitana na elementi zinapinduka. Kama umeweka na ni mgusano mgumu, nodi zinagusa na kuachia, zinagusa na kuachia, solva inakata hatua mpaka inachoka. Weka penalti, yaani mgusano laini unaoruhusu kuzama kidogo.

Sababu nyingine ni bega. Likijikunja ghafla kani hushuka kidogo kabla ya kupanda tena, na hesabu tuli ya kawaida haina pa kushika. Tumia *STATIC, STABILIZE (inaongeza breki ya bandia), hatua kubwa kabisa isizidi 0.02 (kwa mm 8 hiyo ni mm 0.16 kila mara). Baada ya hapo lazima uchore ALLSD (nishati iliyoliwa na breki hiyo) dhidi ya ALLIE (nishati ya ndani ya modeli). Ikizidi 5%, kani unayoisoma si ya raba tena, ni ya breki uliyoiweka mwenyewe. Watu wengi hawaangalii hili na wanatoa grafu nzuri ya uongo.

Meshi: elementi nne kwenye unene wa ukuta, kwa 1.8 ni mm 0.45, na pembe kali za ndani zipe duara la mm 0.3.

Ikigoma bado, nenda Explicit (solva ya Abaqus inayofuata mwendo) kwa mwendo wa polepole, ALLKE (nishati ya mwendo) ibaki chini ya 5% ya ALLIE. Kumbuka kule hakuna elementi za H, na guu lenye D1 = 0 litapewa K/G (uwiano wa ugumu wa ujazo kwa ugumu wa umbo) ya 20 kimyakimya. Msongamano wa sponji ya 0.6 g/cm³ katika tani na milimita ni 6e-10. Mwenye LS-DYNA (programu nyingine ya kazi hii) atumie MAT_181 (kanuni yake ya raba na sponji) na mgusano wa uso mmoja, kazi ni ileile.

mchora_bodi:

Shukrani sana wakuu. Vipande vitano: ukuta wa juu 1.78 hadi 1.84, mabega 2.1 wakati mchoro unasema 2.4. Nimechora upya kutoka kwenye skani, *HYPERFOAM kwenye sponji, penalti ndani ya bomba. Sasa inafika mm 8 bila kukatika, ALLSD ni 1.6%. Kani kwenye mm 6 ni 5.4. Na mlango wa nyuma, nao baada ya kuskaniwa, umepanda juu ya kipimo kwa takriban 10%. Yaani sasa zote mbili zimekosea upande mmoja na kwa kiasi kilekile.

raba_na_chuma:

Safi, sasa ndipo unapoweza kuishuku data ya raba, kwa sababu mikato yote miwili inasema neno moja. Waulize maabara 4.9 ni ya mzunguko wa ngapi. Raba ikibonyezwa mara ya kwanza inadai kani kubwa kuliko mara ya tatu au ya nne, ikishatulia haibadiliki sana. Mara nyingi kipimo cha raba nzima huandikwa baada ya kuibonyeza mara kadhaa, ilhali kipande cha kuvuta huvutwa mara moja tu kikiwa kipya. Ukichanganya hivyo modeli itakuwa juu daima. Vuta na kubana kipande mara tatu au nne kufikia kiwango kilekile ambacho ukuta wako unafikia kwenye modeli, kisha tumia mzunguko wa mwisho. Ukikipeleka mbali zaidi ya hapo utakilainisha kupita kiasi.

Waulize pia kama bamba lao lilipakwa talki. Hiyo 0.3 yako si lazima iwe ya kwao. Bamba likishuka wima tofauti ni ndogo, lakini likija kwa pembe bomba linaburutwa na msuguano unasikika.

mlango_kimya:

Wakuu, kabla hajahamia mlango mzima kuna suala la hewa. Modeli ya 2D isiyo na hewa ndani ni sawa na kusema matundu yote ya bomba yako wazi na hewa inatoka bila kuzuiwa. Kwa kipimo cha polepole ni sahihi. Kwa mlango unaobamizwa si sahihi. Hebu tuone ukubwa wake: hewa ikifungiwa kabisa na eneo la ndani likapungua kwa 20%, shinikizo linapanda kwa kPa 25. Upana wa mgusano wa mm 8 kwa urefu wa mm 100 ni mm² 800, hiyo ni N 20. Mara nne ya kani ya raba yenyewe. Mlango halisi uko katikati, hewa inapenya kwenye matundu kwa taabu. Ukitaka nguvu ya kufunga mlango weka *FLUID CAVITY (hewa iliyofungiwa ndani) na njia ya kutokea yenye eneo la matundu halisi, na uhesabu yako mangapi kwa mita. Ukitaka tu mlango uliokwisha kufungwa unakaaje, achana nayo.

Kwenye mlango mzima usibebe bomba lote la 3D. Tumia springi zisizo za mstari kila mm 20. Grafu yako ya mm 100 igawanye kwa 5, kwa hiyo 4.9 inakuwa 0.98 N kwa springi. Raba ya mita 3.5 ina springi 175, jumla kama N 172 mlango ukikaa sawasawa. Ijumlishe uone kama inalingana na kani unayoisoma kwenye loki na bawaba pamoja. Isipolingana kuna springi umezisahau au umezirudia. Grafu ianze na sifuri mpaka nafasi kati ya mlango na bomba iishe. Mwelekeo wa kila springi uwe wima kwa uso inapogusa, si mhimili Y wa gari (ule wa upana wake) kwa zote. Kwenye nguzo ya mbele na kona za juu kosa hilo ni kubwa. Karibu na bawaba mlango hauji uso kwa uso, unafagia, kwa hiyo ongeza springi ya ubavu pale.

Kwa mitetemo kwenye Nastran (programu nyingine ya kukokotoa), CBUSH (elementi yake ya springi) inataka ugumu wa pale ulipo, si kani gawanya mbonyeo. Kama grafu inatoka 4.0 hadi 6.0 kati ya mm 5 na mm 7, mteremko ni N/mm 1.0 kwa mm 100, basi 0.2 kwa springi. Raba ikitetemeshwa huwa ngumu zaidi ya hapo, omba maabara wakupe kipimo cha mtetemo.

nodi_elfu:

Kona ndiyo pekee inayohitaji 3D kweli. Fuata mpangilio wa kiwandani: pinda raba kwanza, ivishe kwenye ukingo, ndipo ufunge mlango. Ukiichora tayari imepinda bila mkazo hutaona mkunjo wa upande wa ndani, na vumbi la barabara ya changarawe hupitia hapo hapo. Acha mm 60 za raba iliyonyooka kila upande wa kona ili ncha zisiharibu jibu. Endesha mara tatu, nafasi ya kawaida kati ya mlango na bodi, kisha jumlisha na toa mm 1.5, na kwa uvujaji soma shinikizo la mgusano kwenye ile nafasi kubwa.